Kukadiria umri wa nyota kwa kasi yake ya kujizungusha

Nyota za aina ya Jua huanza maisha zikijizungusha kwa kasi, kisha hupunguza mwendo kadiri miaka inavyokwenda. Katika Kilimia, kishada cha nyota chenye umri wa miaka milioni 120 hivi, nyota yenye uzito kama wa Jua humaliza mzunguko mmoja kwa siku nne au tano. Jua letu, lenye miaka bilioni 4.57, huchukua siku 25 kwenye ikweta yake. Breki ni upepo wa nyota: gesi yenye chaji hutoka usoni, hushikiliwa na uga wa sumaku mpaka umbali mkubwa, na inapoachiwa huondoka na sehemu ya mzunguko. Gesi inayopotea ni kidogo sana, lakini kwa kuwa inaachiwa mbali, hasara ya mzunguko ni kubwa.

Mwaka 1972 Andrew Skumanich alionyesha kwamba kasi hupungua kwa kipeuo cha pili cha umri: umri ukiwa mara nne, kipindi cha mzunguko huwa mara mbili. Mwaka 2003 Sydney Barnes aliipa mbinu hii jina lake, jairokronolojia, na tangu hapo imekuwa mojawapo ya njia chache za kupata umri wa nyota moja isiyo ndani ya kishada.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja. Ugumu uko kwingine: kujua kama nyota yako inastahili kuingizwa kwenye mstari huo, na kama kipindi ulichopima ni kipindi kamili au nusu yake. Mambo hayo mawili ndiyo yamepewa nafasi kubwa hapa.

Huhitaji darubini. Unahitaji kompyuta yenye Python, maktaba za astropy na lightkurve, data za mwangaza za darubini za anga za Kepler au TESS kutoka hifadhi ya mtandaoni ya MAST, na orodha ya nyota ya chombo cha anga cha Gaia. Vyote ni bure.

Hatua ya 1: Chuja nyota kabla ya kugusa data

Anza na joto la uso. Eneo salama ni kati ya kelvini 3,800 na 6,200. Juu ya kelvini 6,250 hivi, tabaka la nje linalotokota huwa jembamba mno, sumaku hudhoofika, na breki haishiki. Robert Kraft alieleza mpaka huo mwaka 1967, nao bado unaitwa kwa jina lake. Nyota ya kelvini 6,600 inayojizungusha kwa siku tatu inaweza kuwa changa au ya makamo. Kipindi chake hakikuambii lolote. Upande wa pili, nyota kibete nyekundu zina breki, ila huchelewa mno kutulia kwenye mstari mmoja, na fomula za kawaida hazizihusu.

Pili, angalia mvutano wa uso. Logi g, yaani logi ya mvutano huo, ikishuka chini ya 4.2, nyota imeanza kuvimba kuelekea kuwa jitu jekundu. Kitu kinachopanuka hupunguza mwendo hata bila upepo, kwa hiyo kipindi kirefu hapo kina sababu nyingine.

Tatu, nyota pacha. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Nyota mbili zinazozungukana kwa chini ya siku kumi hivi hufungwa na mawimbi ya mvutano: kila moja hulazimishwa kujizungusha kwa muda uleule wa kuzungukana. Nyota ya miaka bilioni nane itajizungusha kwa siku sita na kuonekana kijana. Kipimo kinachotumiwa sana ni RUWE ya Gaia, namba inayoonyesha jinsi mwendo wa nyota angani unavyotofautiana na wa nyota iliyo peke yake, na thamani inayozidi 1.4 huchukuliwa kuwa ishara ya mwenzi. Ichuje, ndiyo, lakini jua inachokikosa. RUWE hushika nyota inayoyumba angani, na pacha za karibu sana huyumba kidogo mno kiasi cha kutoonekana. Maana yake, kipimo hiki hukamata pacha wasio na madhara na kuwapitisha wenye madhara. Dawa ni kupima kasi ya nyota kuja na kwenda, angalau mara mbili kwa tarehe tofauti. Zikitofautiana kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, iache nyota hiyo. Angalia pia mahali pake kwenye mchoro wa rangi na mwangaza: pacha wawili walio sawa huonekana juu ya mfuatano mkuu, yaani mstari wa nyota za kawaida, kwa magnitudi (kipimo cha mwangaza) 0.75.

Pacha walio mbali, wanaozungukana kwa karne na karne, hawana shida. Ni zawadi, kwa sababu walizaliwa pamoja na wakipimwa kila mmoja peke yake lazima watoe umri mmoja.

Nyota yenye sayari kubwa inayoizunguka kwa siku mbili au tatu iwekwe alama ya kuuliza. Sayari ya namna hiyo inaweza kuiongezea nyota mwendo.

Hatua ya 2: Pata rangi iliyosafishwa vumbi

Fomula huhitaji rangi, ambayo ni kipimo cha joto. Fomula za zamani hutumia B−V, yaani tofauti ya magnitudi kwenye kichujio cha buluu na cha kijani-manjano. Za karibuni hutumia joto lenyewe, au rangi ya Gaia. Usichanganye. Fomula iliyopimwa kwa B−V ipewe B−V.

Vumbi lililo kati yetu na nyota huifanya ionekane nyekundu kuliko ilivyo, na umri unaokokotoa hushuka. Nyota zilizo ndani ya parseki 50 au 60 (parseki moja ni miaka-nuru 3.26) hazidhuriki. Za mbali zaidi, soma kiasi cha vumbi kwenye ramani za pande tatu na ukitoe. Kosa la 0.05 kwenye B−V linaonekana dogo, lakini angalia linavyotenda: kwa nyota ya 0.80, umri hubadilika kwa asilimia 10 tu, ilhali kwa nyota ya 0.55 hubadilika kwa zaidi ya asilimia 40. Kadiri nyota inavyokaribia mpaka wa Kraft ndivyo rangi inavyotakiwa kuwa sahihi.

Hatua ya 3: Chagua data ya mwangaza

Nyota hujizungusha ikiwa na madoa meusi usoni. Doa likiwa upande wetu mwangaza hupungua, likienda nyuma hurudi. Kipindi hupimwa kwa mapigo hayo.

Kepler ilitazama eneo moja la anga kuanzia 2009 hadi 2013, ikichukua kipimo kila baada ya nusu saa. Kama nyota yako iko huko, tumia data hiyo na usitafute nyingine. Awamu yake ya pili, K2, 2014 hadi 2018, hutoa siku 80 hivi kwa kila eneo. TESS inatazama karibu anga lote, lakini kila sekta, yaani kipande cha anga inachokitazama kwa zamu, ni siku 27 tu, na pikseli yake moja ni sekunde 21 za tao, kwa hiyo nyota kadhaa zinaweza kuangukia pikseli moja.

Urefu wa data ndio unaoweka kikomo. Ili uamini kipindi, yaonekane mapigo yasiyopungua matatu. Mawili ni kubahatisha. Sekta moja ya TESS hutosha kwa kipindi cha siku tisa, na ukijibana sana, 13. Ukitafuta siku 25 ndani ya sekta moja, utapata kitu, ila hakitakuwa mzunguko wa nyota. Nyota zilizo karibu na ncha za ekliptiki (njia ya Jua angani) hutazamwa na TESS mfululizo kwa karibu mwaka, na hizo ndizo za kutegemea kwa vipindi virefu.

Hatua ya 4: Safisha bila kuua unachokitafuta

Mafunzo mengi ya lightkurve yameandikwa kwa wawinda sayari. Wao huanza kwa kunyoosha grafu ya mwangaza kwa amri ya flatten, ambayo kwa kawaida huondoa mabadiliko yote yanayozidi muda wa pointi 101. Kwa data ya nusu saa hiyo ni siku mbili. Kwao mapigo ya madoa ni takataka. Kwako ndiyo chakula. Usiiguse amri hiyo.

Tahadhari pia na data iliyosahihishwa kiotomatiki, ile iitwayo PDCSAP. Usahihishaji wake hutoa mielekeo inayofanana kati ya nyota jirani, na unapofanya hivyo hufifisha mapigo marefu: kwa Kepler, yanayozidi siku 20 huanza kuumia. Chukua data ghafi, SAP, kisha ondoa mielekeo ya pamoja mwenyewe kwa kutumia vielelezo viwili au vitatu tu vya mielekeo hiyo. Ukitumia vingi, vitaanza kumeza madoa.

Kisha:

- ondoa vipimo vyenye alama ya ubora mbaya;
- ondoa miripuko ya ghafla inayokwenda juu, lakini usikate miteremko ya polepole;
- gawa kila robo (miezi mitatu) ya data ya Kepler au kila sekta ya TESS kwa wastani wake, ndipo uziunganishe;
- punguza data ya dakika mbili iwe ya nusu saa. Hupotezi kitu, na kompyuta itakushukuru.

Kwa TESS, tazama kwa macho mwanzo na mwisho wa kila nusu ya sekta. Mwanga wa Dunia na Mwezi huingia hapo, na chombo huzunguka Dunia kwa siku 13.7. Kilele chochote karibu na 13.7 au 27 kwenye matokeo yako ni cha chombo mpaka kithibitishwe vinginevyo.

Hatua ya 5: Pima kipindi kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni periodogramu ya Lomb-Scargle, grafu inayoonyesha nguvu ya pigo kwa kila kipindi, iliyomo ndani ya astropy. Tafuta kuanzia siku 0.2 hadi nusu ya urefu wa data, ukigawa masafa kwa hatua zisizozidi moja ya kumi ya 1/T, ambapo T ni urefu wa data kwa siku. Andika kilele kikubwa pamoja na vilele vitatu vinavyofuata.

Njia ya pili ni otokorelesheni: unachukua grafu, unaisogeza siku moja baada ya nyingine, na kila mara unapima inavyofanana na yenyewe. Inapofanana tena, nyota imemaliza mzunguko. Pengo la data lijazwe na wastani kabla ya kuanza. Kwa njia hii Amy McQuillan na wenzake walitoa mwaka 2014 vipindi vya nyota 34,030 za Kepler. Inapendwa kwa sababu haijali umbo la pigo. Madoa hukua na kufa, na wimbi laini la Lomb-Scargle mara nyingi haliwafai.

Sasa mtego mkubwa. Nyota ikiwa na makundi mawili ya madoa, moja kila upande, mwangaza hushuka mara mbili katika mzunguko mmoja. Periodogramu itasema siku 9 ilhali ukweli ni 18. Kosa hili halipunguzi umri kwa nusu, huupunguza kwa zaidi ya mara tatu, kama utakavyoona kwenye hesabu. Ili kulikamata:

Kwenye otokorelesheni, linganisha kilele cha kwanza na cha pili. Cha pili kikiwa kirefu kuliko cha kwanza, kipindi ni cha pili. Halafu kunja data kwa kipindi maradufu na utazame kwa macho: mabonde mawili yenye vina tofauti yanayojirudia kwa zamu yanathibitisha kwamba kipindi kirefu ndicho. Yakilingana kabisa, bado huna jibu. Gawa data vipande vya mwezi mmoja mmoja. Ni nadra makundi mawili ya madoa kubaki na ukubwa sawa miezi mingi, na kipande kimojawapo kitakufunulia.

Wasiwasi wa upande mwingine: pigo kali la chini ya siku moja, lisilobadilika umbo hata kidogo mwaka hadi mwaka, pengine si madoa. Linaweza kuwa pacha wanaogusana, au nyota inayodunda. Madoa hubadilika.

Kwa TESS, rudia kipimo kwa kuchukua pikseli chache, kisha nyingi zaidi. Ukubwa wa pigo ukiongezeka kila unapopanua eneo, madoa ni ya jirani.

Ukingo wa kosa la kipindi hukadiriwa kwa P²/(2T). Kipindi cha siku 18 kwenye data ya siku 90 kina ukingo wa siku 1.8. Usiuandike siku 0.01 kwa sababu programu imekuchapishia hivyo.

Hatua ya 6: Hakiki kwa spektra

Kama kuna spektra ya nyota, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, upana wa mistari hutoa v sin i, yaani kasi ya uso jinsi inavyoonekana kutoka kwetu. Kipindi hakiwezi kuzidi:

P = 50.6 × R / (v sin i)

R ikiwa kwa nusu-kipenyo cha Jua, kasi kwa kilomita kwa sekunde, na P kwa siku. Nyota ya ukubwa wa 0.85 yenye v sin i ya 4 haiwezi kuwa na kipindi kinachozidi siku 10.8. Ukiwa umepata 18, kuna kosa mahali. Chini ya kilomita mbili kwa sekunde kipimo hiki hakitegemeki, kwa kuwa mistari hupanuliwa zaidi na msukosuko wa gesi kuliko na mzunguko.

Mistari ya kalsiamu kwenye nanomita 393.4 na 396.8 husaidia pia. Nyota inayojizungusha haraka huwa na sumaku kali, na katikati ya mistari hiyo hung'aa. Kipindi cha siku tano pamoja na kalsiamu tulivu kama ya Jua havikai nyumba moja.

Hatua ya 7: Fanya hesabu

Kwa B−V kati ya 0.5 na 0.9, fomula ya Mamajek na Hillenbrand ya mwaka 2008 bado ni rahisi kuielewa na kuifanya kwa kikokotoo:

P = 0.407 × (B−V − 0.495)^0.325 × t^0.566

Kipindi ni kwa siku, na t ni kwa mamilioni ya miaka. Tuchukue nyota yenye B−V ya 0.80 na kipindi cha siku 18.

0.80 − 0.495 = 0.305. Ikipandishwa kwa kipeo cha 0.325 hutoa 0.680. Mara 0.407 ni 0.277. Gawa 18 kwa 0.277 upate 65. Sasa pandisha 65 kwa kipeo cha 1/0.566, yaani 1.767. Jibu ni karibu 1,600, maana yake miaka bilioni 1.6.

Weka siku 9 badala ya 18, kana kwamba ulinaswa na mtego wa nusu: miaka milioni 470. Nyota ileile, data ileile.

Kipeo cha 1.767 ndicho pia kipimo cha makosa. Kosa la asilimia 10 kwenye kipindi huwa karibu 18 kwenye umri. Ongeza mtawanyiko wa asili wa nyota zenyewe, na tofauti ya mwendo kati ya ikweta na latitudo za juu (Jua huchukua siku 25 kwenye ikweta lakini zaidi ya 30 karibu na ncha, na hujui madoa unayoyaona yako wapi). Asilimia 20 ni ukingo wa heshima. Anayetangaza asilimia tano kwa nyota moja hajahesabu vyote.

Kwa kazi ya kuchapisha, tumia programu ya gyro-interp ya Bouma na wenzake ya mwaka 2023. Haitegemei mstari mmoja. Inalinganisha nyota yako na vishada vyenye umri unaojulikana, inakubali joto la kelvini 3,800 hadi 6,200 na umri wa miaka milioni 80 hadi bilioni 2.6, na hukupa mgawanyo mzima wa uwezekano badala ya namba moja.

Hatua ya 8: Uliza kama breki ilikuwa inashika wakati wote

Fomula inadhani breki ilibanwa kwa mfuatano usiokatika. Kuna vipindi viwili vya maisha ya nyota ambapo si hivyo.

Cha kwanza ni cha nyota za baridi, hasa chini ya kelvini 5,000. Vishada vya Praesepe, wenye miaka milioni 670 hivi, na NGC 6811, wenye bilioni moja, vina nyota hizi zenye vipindi karibu sawa. Zilisimama kupunguza mwendo kwa muda mrefu kisha zikaendelea. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kiini, kilichokuwa bado kinazunguka haraka, kiligawia tabaka la nje mzunguko wake. Athari yake ni kwamba fomula huzipa umri mdogo. Mfano ni 61 Cygni A: kwa kipindi chake cha siku 35 fomula ya hapo juu, ikisukumwa nje ya mipaka yake, hutoa bilioni 3.4, ilhali upimaji wa kipenyo chake pamoja na vielelezo vya mabadiliko ya nyota ulitoa bilioni 6.

Cha pili ni cha uzeeni. Mwaka 2016 Jennifer van Saders na wenzake walionyesha, kwa nyota za Kepler zilizopimwa umri kwa mitetemo yake, kwamba breki hulegea nyota ifikapo makamo. Kipimo ni namba ya Rossby: kipindi cha mzunguko kikigawanywa kwa muda wa gesi kupanda na kushuka ndani ya tabaka linalotokota. Muda huo kwa siku hukadiriwa hivi:

τ = 314.24 × exp[−(T/1952.5) − (T/6250)^18]

T ni joto la uso kwa kelvini. Kwa Jua τ ni karibu 13, na namba ya Rossby ni karibu 2. Hapo ndipo breki hulegea. Nyota yetu ya mfano, yenye kelvini 5,300 hivi, ina τ ya 19.8 na namba ya 0.9, kwa hiyo iko salama. 16 Cygni A haiko salama: kipindi chake ni siku 24 na fomula husema bilioni 4, lakini mitetemo yake inasema bilioni 7. Namba ikizidi 1.8, andika umri kama kikomo cha chini, kwa maneno "si chini ya".

Mwanzoni mwa maisha ni kinyume. Nyota huzaliwa na mwendo tofauti tofauti na huchukua muda kukutana kwenye mstari mmoja: za aina ya Jua hukutana karibu na umri wa Kilimia, za baridi huhitaji mamia ya mamilioni ya miaka zaidi. Ndani ya Kilimia kwenyewe nyota za baridi zina vipindi vya chini ya siku moja na vingine vya zaidi ya nane. Kwa nyota ya kelvini 4,500 yenye kipindi cha siku mbili, andika kikomo cha juu tu, kisha utafute mstari wa lithi kwenye nanomita 670.8. Ukiwa na nguvu, nyota ni changa kweli. Usipoonekana kabisa, rudi hatua ya 1 ukatafute pacha.